Wifi ya lupango inakufa jioni: usikubali simu ifunguliwe bado

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi. Nimelifupisha kidogo; lupango, kwa wasioijua lugha yetu, ni kiwanja kimoja chenye nyumba kadhaa:

"Papa fundi, jambo. Simu yangu ni ya Android, nina miaka miwili nayo. Ninakaa nyumba ya nyuma ndani ya lupango. Ruta ya wifi iko nyumba ya mbele kwa baba mwenye lupango, na sisi wapangaji tunachanga kila mwezi. Asubuhi kila kitu kinaenda. Jioni nikirudi kutoka sokoni, wifi inaonyesha mistari yote, lakini simu inaandika hakuna intaneti na WhatsApp inazunguka tu. Simu ya mtoto wangu, mahali pale pale, inafanya kazi. Tena nikiiacha simu yangu mezani, ujumbe hauingii mpaka niwashe skrini. Fundi mmoja wa mjini ameniambia antena imekufa, anataka kuifungua. Nimpe pesa? Nisisahau: tangu mwezi uliopita kijana wa mwenye lupango ameweka ruta ya pili chumbani kwake, anaiwasha akirudi kazini."

Mama, jambo sana. Pesa yako ibaki kwanza kwenye fundo la kitenge. Antena iliyokufa haina saa: haifi jioni ikafufuka alfajiri. Simu yenye antena mbovu inateseka asubuhi, mchana na usiku, na inateseka hata ukiwa umesimama mbele ya ruta. Yako asubuhi inafanya kazi kutoka nyumba ya nyuma, huku kuta za matofali ziko katikati. Sisemi fundi wako amekudanganya. Ulimpelekea simu mchana, mjini, mbali na ruta yenyewe, kwa hiyo hakuwa na kitu cha kupima ila simu.

Barua yako ina matatizo mawili yaliyochanganyika, na sentensi ya mwisho, ile uliyokaribia kuisahau, ndiyo ninayoishuku zaidi. Lakini twende polepole, maana ukielewa mahali njia inapokatika utajua mwenyewe nani wa kumwita.

Kutoka simu yako hadi WhatsApp kuna njia yenye vipande vitatu. Cha kwanza ni simu hadi ruta, kwa hewa. Cha pili ni ruta hadi kampuni inayouza intaneti, kwa waya, kwa antena iliyo juu ya bati, au kwa kadi ya SIM iliyo ndani ya ruta. Cha tatu ni kampuni hadi kompyuta za WhatsApp huko nje. Wifi ni kile kipande cha kwanza peke yake. Ile mistari unayoiona juu ya skrini inapima kipande hicho, tena upande wake mmoja: inaeleza simu inaisikia ruta kwa nguvu gani. Haielezi kama ruta nayo inaisikia simu, ambayo kwa kawaida inatoa sauti ndogo kuliko ya ruta. Kuhusu vipande viwili vinavyofuata, mistari haijui lolote. Ruta isiyo na intaneti hata tone itakupa mistari yote bila aibu.

Sasa simu inajuaje kwamba hakuna intaneti? Inauliza. Kila inapojiunga na wifi, Android inatuma ombi dogo kwenye kompyuta za Google na kungoja jibu tupu lenye namba 204. Jibu likifika, simu inanyamaza. Lisipofika, au likifika jibu la aina nyingine, inakuandikia kwamba umeunganishwa lakini hakuna intaneti. Na jibu lililochelewa mno, simu inalihesabu kama halikuja. Kwa hiyo maneno hayo ya kuvunja moyo yanaweza kuwa na sababu tatu tofauti: njia imekatika kweli, njia ipo lakini imejaa watu, au simu yako imeelekezwa kwenye mlango usio na barabara nyuma yake. Hiyo ya tatu ndiyo inayonipeleka chumbani kwa kijana.

Kila simu inayoingia kwenye wifi huomba anwani. Ruta inajibu: anwani yako ni hii, tuseme 192.168.1.25, na ukitaka kwenda nje pita kwangu, 192.168.1.1. Kazi hiyo ya kugawa anwani mafundi wanaiita DHCP, na mtandao mmoja unatakiwa uwe na mgawaji mmoja. Nyuma ya ruta nyingi kuna matundu kadhaa yanayofanana na moja la rangi nyingine. Nadhani kijana alivuta waya kutoka ruta ya baba yake, akauchomeka kwenye mojawapo ya yale yanayofanana, kama wengi wanavyofanya, kisha akaipa wifi yake jina lile lile na neno la siri lile lile ili mambo yawe rahisi. Tangu siku hiyo lupango lenu lina wagawaji wawili. Simu inapoomba anwani, ruta zote mbili zinasikia, na kwa kawaida ile inayojibu kwanza ndiyo inayosikilizwa. Ukiangukia kwa ya baba, unatoka nje vizuri. Ukiangukia kwa ya kijana, inakuambia upite kwake, nawe unapita, lakini yenyewe haijui intaneti iko upande gani.

Sasa soma tena barua yako uone inavyokaa. Mtoto anarudi shuleni mchana, wakati ruta ya kijana imezimwa. Simu yake inapewa anwani nzuri, na anwani ikishatolewa inadumu. Ruta nyingi huitoa kwa saa 24. Wewe unaingia langoni jioni, ruta zote mbili zikiwa macho, na ya kijana iko karibu na mlango wako, ndiyo maana unaona mistari yote. Unapata jibu lake. Usiku mzima unateseka. Asubuhi kijana anazima ruta yake na kwenda kazini, simu yako inabaki bila mtu wa kumshika, inarudi kwa ruta ya baba, inaomba anwani upya, na hapo unasema wifi imepona.

Hiyo ni dhana mpaka uipime. Kupima hakuhitaji programu yoyote wala fundi.

Kwanza kabisa zima data ya simu, ile ya mega unazonunua. Hili watu wanalisahau na vipimo vyote vinaharibika, kwa sababu Android ikiona wifi haina intaneti inaweza kuhamia kwenye data kimyakimya, nawe unafikiri wifi imerudi. Tena fanya hivyo kwenye simu ya mtoto pia kabla ya kusema yake ni nzima. Nimeona nyumba ambamo "simu inayoshika wifi vizuri" ilikuwa inakula mega za mzazi muda wote.

Data ikiwa imezimwa, ingia kwenye Paramètres (Mipangilio), fungua Wi-Fi, gusa jina la wifi yenu ili uone maelezo yake. Humo kuna anwani ya simu, na chini kidogo mstari ulioandikwa Passerelle. Kama simu yako umeiweka katika Kiswahili, tafuta Lango. Andika namba ya mstari huo kwenye karatasi asubuhi mambo yakienda vizuri, na uiandike tena jioni mambo yakiharibika. Ukikuta asubuhi ni 192.168.1.1 na jioni ni 192.168.0.1, kesi imekwisha: mna ruta mbili zinazogawa anwani. Namba zikiwa sawasawa, usikate tamaa, kwa sababu ruta nyingi zinatoka kiwandani na namba moja, na hizo mbili zinaweza kuwa zinagombania namba hiyo moja. Andika namba hiyo ndani ya Chrome, pale juu unapoandika anwani za tovuti. Utafunguka ukurasa wa ruta wenye nembo ya kampuni iliyoitengeneza. Ukiona nembo ya ruta ya kijana badala ya ile ya baba, jibu ni lile lile.

Ukurasa huo una faida nyingine, hata kwa wasomaji ambao hawana ruta mbili. Ukifunguka haraka jioni wakati WhatsApp imekwama, kipande cha kwanza ni kizima na simu yako haina kosa. Shida iko kwa ruta kwenda mbele. Ukikataa kufunguka, au ukichukua nusu dakika, shida iko kati ya simu na ruta. Kwangu mimi kipimo hiki kinashinda programu zote za kupima kasi, maana zile hupima vipande vyote vitatu kwa pamoja halafu zinakupa namba moja isiyosema nani mwenye kosa.

Dawa ya ruta mbili ni ya bure, ila inapita kwa kijana, kwa hiyo mwendee vizuri. Hakufanya kwa ubaya, na huenda yeye mwenyewe anateseka bila kujua sababu. Aingie kwenye ukurasa wa ruta yake, azime DHCP, kisha aipe namba yake ya pekee, tuseme 192.168.1.2, isiyo ndani ya zile ambazo ruta ya baba inagawa. Waya ubaki pale ulipo. Ruta nyingine zina hali iliyotayarishwa kabisa, kwa Kifaransa inaitwa point d'accès. Akiichagua, kazi yote hiyo inafanyika yenyewe. Kama haya yanamtisha, kuna njia fupi: ahamishe waya uingie kwenye lile tundu la rangi tofauti, na abadilishe namba ya ruta yake iwe ya ukoo mwingine, mfano 192.168.5.1. Hapo ruta yake inakuwa kama lupango dogo ndani ya lupango. Intaneti inapita, kitakachopotea ni kwamba simu za upande mmoja hazitaiona televisheni au printa ya upande wa pili.

Na jina la wifi? Mafundi hawakubaliani hapa. Wengi wanapenda jina moja kila mahali ili simu ichague yenyewe. Mimi kwa lupango la nyumba nne ningeweka majina mawili. Simu za Android zina ukaidi: zikishika ruta moja zinaing'ang'ania hata ukisogea mbali nayo na nyingine iko karibu, mpaka ile ya kwanza isikike kwa shida sana. Ukiwa na majina mawili unachagua kwa kidole, na mkiwa na ugomvi na wifi unajua ni ipi.

Kama ruta ya kijana haina waya, yaani inadaka wifi ya baba na kuirusha tena, basi maelezo yangu ya anwani yanapungua uzito, lakini kuna kosa jingine la kawaida. Watu hukiweka kirudishio hicho mahali ambapo wifi tayari imekufa, wakitumaini kitaifufua. Hakiwezi kurusha kisichodaka. Mahali pake ni katikati ya njia, ambapo wifi ya mbele bado inafika vizuri. Hata kikiwekwa sawa, vile vya bei ndogo vinavyosikia na kusema kwenye masafa yale yale hupunguza kasi karibu nusu, kwa kuwa kila neno linasemwa mara mbili.

Sasa tuseme umepima, namba ni zile zile, ukurasa wa ruta ya baba unafunguka mara moja, na bado WhatsApp imekwama. Basi huenda ni msongamano. Wifi ni kama bomba moja la maji ndani ya lupango: anayechota ni mmoja kwa wakati mmoja, wengine wanangoja zamu, na aliyekuja na kidumu chenye mdomo mwembamba anawachelewesha wote. Mwenye kidumu hicho ni simu iliyo mbali kabisa, inayozungumza na ruta polepole na kuchukua muda mrefu wa hewa kwa ujumbe mdogo. Kisha kuna hesabu ya kasi yenyewe. Video ya YouTube ya 1080 inahitaji karibu megabiti 5 kwa sekunde. Ile ya 480 inahitaji kama 1.1. Kama baba analipia megabiti 5 kwa lupango zima, kijana mmoja anayeangalia mpira kwa picha safi amezimaliza zote, na ombi dogo la simu yako kwa Google linakwama kwenye foleni mpaka simu itangaze hakuna intaneti.

Kinachoumiza zaidi kuliko video, na hakuna anayekishuku, ni kupandisha. Njia ya kupandisha kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya kushusha. Simu moja ikianza kupeleka picha 300 za harusi kwenye Google Photos, njia hiyo inajaa, na wote ndani ya lupango wanasimama, hata anayesoma maandishi tu, kwa sababu hata kushusha kunahitaji simu itume majibu madogo ya "nimepokea". Jioni moja waombe wenzako wazime uhifadhi wa picha kwa saa moja tu, halafu uone. Ikiwa mambo yanafunguka, mpatane: picha zipande usiku wa manane. Ruta nyingi pia zinaruhusu kumwekea kila mtu kikomo cha kasi. Baba mwenye lupango akikiweka, malalamiko ya mchango wa kila mwezi yatapungua.

Twende kwenye tatizo lako la pili, la simu kulala mezani. Hili halina uhusiano na ruta wala na kijana. Tangu Android 6, ya mwaka 2015, simu ikitulia mahali, skrini imezimwa na haiko kwenye chaji, inaingia usingizini ili kuokoa betri: inazizuia programu kutumia mtandao na kuziruhusu kwa vipindi tu. WhatsApp ina njia ya kuamshwa na ujumbe wa haraka, kwa hiyo usingizi huo peke yake usingekuumiza sana. Lakini watengenezaji wengi wa simu huongeza usingizi wao juu ya ule wa Android, wengine mkali kiasi cha kuiua programu kabisa au kuizima wifi yenyewe, ili waweze kujisifu kwamba betri inakaa siku mbili.

Kipimo chake ni rahisi: chomeka chaji, iache simu mezani vile vile, mwambie mtu akutumie ujumbe baada ya nusu saa. Ukiingia bila kuwasha skrini, umempata mwizi, kwa kuwa simu iliyo kwenye chaji hailali usingizi huo. Ingia Paramètres, kwenye programu, chagua WhatsApp, sehemu ya betri, uiruhusu ifanye kazi bila kizuizi. Zima pia kiokoa betri kama kimewashwa muda wote, na tazama kama simu ina programu yake ya "kusafisha" inayofunga vitu kila skrini ikizimwa. Iambie iiache WhatsApp. Tecno, Infinix, Samsung na Xiaomi kila mmoja ameficha vitu hivi mahali pake, kwa hiyo tumia kidirisha cha kutafuta kilicho juu ya Paramètres, andika batterie, utafika. Usiruhusu programu zote. Tatu au nne unazozingoja kwa kweli zinatosha, la sivyo chaji haitafika jioni.

Kuna vitu vingine vya kutazama ndani ya simu, vya dakika moja kila kimoja. VPN ya bure (programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta ya mtu mwingine) uliyoipakua siku fulani ukaisahau: izime. Mpangilio wa DNS ya faragha (DNS ndiyo inayogeuza jina la tovuti kuwa namba yake), ulioingia na Android 9, uwe kwenye automatique. Mtu akiandika humo jina la seva ambayo mtandao wenu haufikii, simu itasema haina intaneti huku njia iko wazi kabisa. Tarehe na saa ziwe sahihi, hasa kama simu ilizimika chaji ikaisha kabisa: tovuti salama hukataa simu inayoishi mwaka mwingine. Na kama baba mwenye lupango ameorodhesha simu zinazoruhusiwa kwenye ruta yake, jua kwamba tangu Android 10 simu nyingi hujitambulisha kwa kila wifi kwa anwani ya MAC (namba ya kukitambulisha kifaa) ya kubuni, si ile iliyotoka nayo kiwandani. Kwenye maelezo ya wifi hiyo chagua MAC halisi ya simu, ndipo orodha ifanye kazi.

Mtu akikushauri uirudishe simu kama ilivyotoka kiwandani, kataa. Ukitaka kusafisha, gusa Oublier (Sahau) kwenye jina la wifi na uingie upya. Ikishindikana, kuna kuweka upya mipangilio ya mtandao peke yake, ambako hakugusi picha wala ujumbe, ila kunafuta maneno ya siri ya wifi zote na spika zote za Bluetooth ulizounganisha. Uwe na neno la siri la baba mkononi kabla ya kubonyeza.

Kwa kuwa umetaja nyumba ya nyuma, nitasema kidogo kuhusu majengo na umeme, maana huku kwetu, iwe Katuba, Ruashi au Kenya ile ya hapa Lubumbashi, ndiko shida nyingi zinakoanzia. Ruta nyingi za siku hizi zinatoa wifi mbili, ya masafa ya gigahezi 2.4 na ya 5. Ile ya 5 ina kasi lakini inachoka upesi ikikutana na ukuta wa matofali. Nyumba ya nyuma inafaa itumie ya 2.4. Ukuta wa bati, mlango wa chuma, tangi la maji, hivyo ni vizuizi vikubwa kuliko matofali. Ruta iliyofichwa nyuma ya televisheni sebuleni, chini, karibu na sakafu, inawahudumia miguu ya viti. Ipandishwe juu, karibu na dirisha linaloangalia uani. Kwenye 2.4 ichaguliwe chaneli 1, 6 au 11, ile ambayo majirani wachache wanaitumia, kwa sababu hizo tatu ndizo zisizokanyagana. Chaneli 12 na 13 ziepukwe: simu iliyoletwa na ndugu kutoka Marekani inaweza isiione kabisa wifi iliyo huko, na mwenyewe ataapa kwamba simu ni mbovu.

Upande wa umeme, kagua kama ruta inajizima na kujiwasha. Taa zake zote zikizimika kwa nukta moja kisha zikaanza kuwaka moja moja, simu nyingi humo ndani zitasema wifi "imekatika yenyewe". Adapta za kisasa zinavumilia umeme wa chini, nyingi zimeandikwa 100 hadi 240 volti, lakini adapta iliyozeeka inashindwa kubeba mzigo jioni ruta inapofanya kazi kubwa. Ibadilishwe kwa nyingine yenye volti zile zile, na ampea zile zile au zaidi. Na wale waliounganisha ruta ya volti 12 moja kwa moja kwenye betri ya sola wajue kwamba betri hiyo inapochajiwa inapanda hadi kama volti 14.4. Ruta nyingine zinavumilia, nyingine zinachemka na kuanza vituko. Kifaa kidogo cha kutuliza volti kiwekwe katikati.

Baada ya yote hayo, kuna hali ambazo nitakubali simu ifunguliwe, nazo ni hizi. Usimame hatua mbili kutoka ruta bila ukuta katikati, na mistari iwe mmoja au miwili wakati simu nyingine zina yote. Au Bluetooth nayo imedhoofika kwa wakati ule ule, kwa kuwa mara nyingi inatumia chipu ile ile ya wifi, na pengine antena ile ile. Au kitufe cha wifi kinakataa kuwaka, unakibonyeza kinarudi. Au dalili zilianza siku simu ilipoanguka au ilipobadilishwa skrini au betri. Kabla ya hapo vua kwanza kava, hasa lenye sumaku au kipande cha chuma nyuma, upime bila hilo.

Ukifika kwa fundi na mojawapo ya dalili hizo, mwombe aifungue ukiwa umekaa hapo. Simu nyingi zina kebo nyembamba ya antena inayobanwa kwa kichwa kidogo cha duara, au vijino vya shaba vinavyogusa mfuniko wa nyuma. Mkono uliofanya haraka wakati wa kubadilisha skrini huacha kebo hiyo haijabanwa vizuri. Akuonyeshe kama imekaa mahali pake, aibane, aiwashe simu na kupima kabla hajafunga mfuniko, na bei ya kipuri mzungumze baada ya hapo.